Mizani ya Dhahabu na Saa ya Mkononi

Hapa Chunya mnunuzi akikupunja pointi moja ya dhahabu, hapalaliki. Mtabishana mpaka sahani ya mizani ifutwe na mzigo upimwe upya. Lakini mbishi huyohuyo jioni anafunga saa ya kisasa, anazunguka uwanja wa shule, kisha anatangaza kijiweni: "Leo nimechoma kalori 412!" Hizo mbili za mwisho kazihesabu nani?

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu saa saba za aina hiyo kwa watu 60. Kwenye mapigo ya moyo, sita zilikosea chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, iliyo sahihi kuliko zote ilikosea kwa asilimia 27, na iliyoharibu zaidi kwa asilimia 93. Ingekuwa mizani ya soko letu la madini, mwenye nayo angeshauhama mji.

Anayetaka kuijua kalori kweli huvalishwa barakoa, pumzi yake ikapimwa, maana kila lita ya oksijeni inayotumiwa na mwili ni takriban kalori 5. Saa haijui pumzi yako. Inamulika ngozi ihesabu mapigo, inapima mtikisiko wa mkono, inachanganya na kilo na umri uliojaza mwenyewe (na kwenye kilo wengi tunadanganya), halafu inabahatisha.

Yangu nilimvisha mpwa wangu akiponda mawe. Dakika arobaini ameketi juu ya kiroba, nyundo inapanda na kushuka, jasho limemjaa kwenye kope. Saa ikamhesabia hatua. Hatua, na mtu hajainuka! Nami nikaivaa juu ya bodaboda kwenda Itumbi, makorongo matupu. Nikashuka nimepongezwa kwa mazoezi. Kijana akacheka: "Mjomba, aliyefanya kazi ni pikipiki."

Tungeishia kucheka, ila namba hiyo ya kalori inafika mezani. Huyu anaongeza chapati mbili kwa sababu "saa imeruhusu", yule anajinyima ugali kwa sababu imemnunia. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya muuza nyama na pampu ya mafuta. Lakini huu ubahatishaji wa saa unauzwa kama kipimo halali. Watengenezaji wa saa mapigo ya moyo wayaache, yanasaidia. Kalori waandike "kati ya 250 na 550". Wakiona aibu kuandika hivyo, waifute.