Leo bosi wa ndege ni nani?

Kwenye matatu, dere hukaa kulia. Kwenye ndege ndogo kama Cessna 172, rubani mkuu kwa desturi hukaa kushoto. Ndiyo maana wasee wengi wakiona mtu ameketi kulia wanadhani ni abiria tu. Wanakosea.

Pale uwanja wa Wilson, Nairobi, mwalimu wa urubani hukaa kulia, na ndiye mwenye dhamana ya ndege akifunza. Kwenye Piper Cub, rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma! Kinachokufanya rubani mkuu ni leseni halali na kuteuliwa kabla ya safari, si kiti.

Lakini usidhani ni mchezo. Ukihamia kulia, mikono inabadilishana kazi: wa kulia unashika usukani, wa kushoto unaongeza na kupunguza mafuta. Saa za kasi na kimo ziko mbele ya mwenzako, unazisoma kwa pembeni. Ukitua, macho yanakudanganya kuhusu katikati ya njia. Ndege zingine hata hazina breki upande huo. Jizoeze kwanza na mwalimu.

Hatari kubwa zaidi ni marafiki wawili, wote marubani, wanaopaa bila kuulizana bosi ni nani. Injini ikizima, kila mmoja atamngoja mwenzake, au wote watavutana usukani. Ulizaneni mkiwa bado chini. Kuuliza si ushamba.