Wanafunzi Wapange Njia ya Shule: Barua ya Wazi kwa Mtendaji Mkuu wa TARURA

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika sekondari ya kata jijini Dar es Salaam. Nina ombi moja: mhandisi wako asichore wala kukarabati barabara iliyo jirani na shule kabla ya kuwasikiliza wanafunzi wanaoipita kila siku. Barabara kuu zina wakala wake, TANROADS. Njia nyingi za kwenda shule zimo mikononi mwa wakala wako, TARURA, tangu mwaka 2017.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hapa kwetu mtoto hukutana na hatari hiyo akiwa kwa miguu, begi mgongoni, bodaboda upande huu na mtaro ulio wazi upande ule. Akitaka kupanda daladala, konda humwona ni hasara kwa sababu ya nauli yake ndogo. Anaachwa kituoni, na safari inarudi kuwa ya miguu.

Dawa imekwisha kujaribiwa hapahapa Dar es Salaam. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend ulichunguza shule mojamoja: watoto wanapita wapi, magari yanakimbia wapi, hatari iko wapi. Ndipo yakawekwa matuta, vivuko, alama, njia za waenda kwa miguu na nguzo fupi za kuzuia magari. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya miji ya taasisi ya kimataifa ya WRI, dola za Marekani 250,000. Vifaa vyake ni saruji na rangi, vitu ambavyo kila halmashauri inavijua.

Uchunguzi huo wanafunzi wetu wanauweza. Darasani wanajifunza kusoma ramani na kupima ardhi. Kwenye Fizikia wanajifunza mwendo. Wapeni utepe wa kupimia na saa. Waweke alama mbili pembeni mwa barabara, mita 50 kutoka moja hadi nyingine. Gari likizipita kwa sekunde 6, linakwenda kilomita 30 kwa saa, kikomo ambacho Azimio la Stockholm la 2020 kuhusu usalama barabarani linakitaka mahali watu na magari wanapochangamana. Likitumia sekunde 3, linakwenda kilomita 60, juu ya kikomo cha 50 cha maeneo ya makazi. Hayo ni matokeo ambayo mhandisi anaweza kuyafanyia kazi.

Na wana mengine ambayo hayaonekani kwenye mchoro wa ofisini. Wanajua kichochoro kinachowatoa mbali na kivuko, kwa hiyo wote wanavuka pasipo na kivuko. Wanajua kalavati linalofurika wakati wa masika. Wasichana wanajua kona wanakosumbuliwa kwa lifti wasizoziomba. Wanajua pia mahali ambapo miti ikipandwa, jua la saa nane litavumilika, na ni wangapi wangekuja kwa baiskeli kama zingekuwa na njia na mahali salama pa kuegeshwa. Anayetembea na anayeendesha baiskeli hawachafui hewa; tukiwalinda, mzazi mwenye uwezo hatalazimika kuongeza gari jingine kwenye lango la shule.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, meneja wa TARURA wa kila wilaya apokee ramani za wanafunzi kabla ya kupanga bajeti ya mwaka. Pili, awajibu kwa maandishi: lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa nini. Tatu, kivuko, njia ya miguu, mfuniko wa mtaro na miti viingie kwenye gharama za barabara tangu siku ya kwanza, visisubiri mfadhili wala msiba.

Wanafunzi wangu wako tayari kuanza kupima muhula ujao. Tunaomba mhandisi wa kuja kukaa nao na kuipokea kazi yao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Jiografia, Dar es Salaam