Ngoma Iliyoshtakiwa

Silipendi neno "burudani" linapotumiwa kueleza usiku wa nyimbo na ngoma za Wakwakwaka'wakw, wenyeji wa pwani ya British Columbia nchini Kanada, ambao vitabu vingi bado huwaita Wakwakiutl. (Jina hilo ni la jamii moja tu ya Fort Rupert, wanaanthropolojia ndio waliowabandika wote.)

Mgeni aingiaye katika jumba kubwa la mbao pale Alert Bay huona moto katikati, waimbaji wakilipiga kwa pamoja gogo moja refu, na vinyago vya ndege ambao midomo yao hufunguka na kufunga kwa kishindo. Hupiga makofi, akaenda zake. Asichokiona ni miliki. Kila wimbo una wenyewe. Haki ya kucheza Hamatsa hurithiwa au huja kwa njia ya ndoa, na sharti itangazwe mbele ya mashahidi. Mashahidi hao hupewa zawadi, na anayepokea amekiri kwamba ameona. Shughuli hiyo ndiyo potlachi: kwa lugha yetu ya ofisini, ni msajili, mahakama na karamu chini ya paa moja.

Serikali ya Kanada ililielewa jambo hili kuliko watalii. Sheria iliyopitishwa mwaka 1884 iliifanya potlachi kuwa jinai, kwa kuwa watu wanaogawa mali badala ya kuirundika, na wanaothibitishiana vyeo wao kwa wao, hawamhitaji afisa. Hata hivyo, mwaka 1893, marufuku ikiwa ingali na nguvu, Wakwakwaka'wakw walicheza mbele ya umati katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago. Ugenini ilikuwa maonyesho, nyumbani, kifungo.

Wakati wa Krismasi ya mwaka 1921, Dan Cranmer aliandaa potlachi kubwa huko Village Island. Watu 45 walishtakiwa. Makosa yao? Kuimba, kucheza, kuhutubia, kugawa na kupokea zawadi. Waliambiwa kwamba vijiji vyao vikisalimisha vinyago na mabamba ya shaba, wangeepushwa na jela. Wengine walifungwa vilevile. Mali hiyo ikatawanywa Ottawa, Toronto na New York. Mkuu wa idara iliyosimamia haya, Duncan Campbell Scott, alikuwa mshairi mwenye sifa, jambo ambalo huniudhi zaidi kila nikilikumbuka.

Marufuku iliondolewa mwaka 1951. Vinyago vilivyokuwa Ottawa vilirudi baadaye sana, tena kwa sharti kwamba wenyewe wajenge makumbusho ya kuvihifadhi, kana kwamba aliyeibiwa ndiye apaswaye kuthibitisha kuwa ana kabati. La Cape Mudge lilifunguliwa mwaka 1979, la Alert Bay mwaka 1980. Hili la pili waliliita U'mista, neno lao la kurejea kwa waliotekwa. Mwaka 2005 British Museum ilipeleka huko kinyago kimoja kilichotoka katika mali ile ya Cranmer. Ilikipeleka kwa mkopo.

Stoo ya jumba hilohilo la London ina Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana. Nanyi maafisa wa utamaduni mnaoalika vikundi vicheze dakika tano huku waziri akisubiriwa, ulizeni kwanza wimbo ni wa nani na ruhusa imetolewa na nani. Na iwapo London itapendekeza kuwakopesha Wapokomo ngoma yao, barua ya kukataa iwe imeshaandikwa, nao Wapokomo wawe wameisoma kabla haijatumwa.