Kozi ya mapazia? Ingia chumbani saa nane mchana

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa, mazungumzo ya kozi huanza katika kila boma la Ukambani, na kozi zenyewe hazipokelewi kwa heshima sawa. Uuguzi hupigiwa vigelegele. Ualimu huitikiwa kwa kichwa. Mtoto akisema anataka kusomea usanifu wa ndani, kimya hutanda, kisha mtu mzima mmoja huuliza: uende chuoni miaka miwili, mitatu, kusomea kutundika mapazia? Swali hilo halifai kubezwa. Mzazi anayeuza mbuzi au magunia ya ndengu ili alipe karo ana haki ya kujua anachonunua. Jibu langu ni kwamba kozi hii, ikifundishwa sawasawa, ni somo la joto, mwanga, hewa, mwili wa binadamu na hesabu ya pesa, na kwamba kaunti kavu kama Kitui na Makueni zinaihitaji kuliko mitaa ya Nairobi kama Kilimani na Lavington ambako imezoeleka. Kosa letu ni kuiacha ifundishwe kana kwamba kila mwanafunzi atakuja kumhudumia mteja wa Kilimani.

Tuanze na yanayofundishwa. Kwa kawaida mwanzo wa kozi hauna pazia hata moja. Mwanafunzi hupewa tepu, penseli na karatasi, akaambiwa apime chumba. Hupima urefu na upana, kisha hupima pembe kwa pembe, kwa sababu vyumba vingi tunavyoviona kuwa mraba si mraba, na kabati lililoundwa kwa kuziamini kuta huacha mwanya upande mmoja unaomtosha panya. Huandika mlango unafungukia wapi, dirisha liko juu kiasi gani kutoka sakafuni, swichi ziko ukuta gani. Halafu huchora yote kwa kipimo cha moja kwa hamsini, mita moja ya ukuta ikawa sentimita mbili za karatasi. Hapo ndipo anapoliona jambo ambalo wenye nyumba wengi huliona wakiwa wameshalipa: seti ya sofa ya watu saba ikiingia katika sebule ya mita tatu kwa tatu unusu, anayekwenda jikoni atapita kiubavu, na dirisha pekee la upande wa upepo litakuwa limezibwa na kabati la televisheni. Baada ya chumba hufuata mwili. Meza ya jikoni ya kusimamia huwa na kimo cha sentimita 85 hadi 90. Mama anayekatia sukuma wiki kwenye meza fupi kuliko inavyofaa kimo chake huinama miaka nenda miaka rudi, na maumivu ya mgongo wake tukayaita uzee. Mlango una upana ambao chini yake kiti cha magurudumu hakipiti. Kisha huja rangi, nayo husomwa pamoja na mwanga, kwa kuwa ukuta mweupe hurudisha nuru ndani na ukuta wa kahawia huimeza. Huja vifaa: kipi hushika moto upesi, kipi hufura kikilowa, kipi husafishika kwa sabuni. Mwisho ni makadirio. Mwanafunzi asiyeweza kusema ukuta wa mita za mraba hamsini utameza rangi kiasi gani na kwa bei gani hajaiva, hata awe na mkono wa ajabu wa kuchora.

Sasa lichukue somo hilo ulipeleke Mutomo, Kyuso au Makindu, saa nane mchana, mwezi wa Februari. Paa ni la mabati na halina dari. Bati lililopigwa na jua tangu asubuhi huwa kama sufuria la moto lililofunikwa juu ya watu, na joto lake halingoji hewa ilibebe. Hushuka kwa miale moja kwa moja hadi vichwani mwa waliomo, ndiyo sababu kufungua dirisha peke yake hakutoshi. Kaunti hizi ziko nyuzi chache tu kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri halikai mbali na utosi mwaka mzima, na la asubuhi na jioni huzipiga kuta za mashariki na magharibi likiwa chini, mahali ambapo ukingo wa paa hauwezi kulizuia. Kwa hiyo kitanda kilichoegemezwa ukuta wa magharibi kinamlaza mtu kwenye ukuta uliokuwa ukiota jua hadi machweo. Dari yoyote, hata ya mbao nyembamba, ikiachiwa nafasi ya hewa juu yake na matundu kwenye pembe za paa, hukata ile miale. Madirisha mawili yanayotazamana hupitisha upepo, moja halipitishi. Wala dawa si moja kwa wote. Nyumba ya Mbooni au Kilungu, ambako mwezi wa Julai watu hutafuta sweta, haitaki inachotaka nyumba ya Kibwezi, ingawa zote ni za Makueni. Kujua tofauti hiyo na kuichora ndiyo kazi ya msanifu.

Kuna watakaosema kwamba mambo ya jua na upepo ni ya msanifu majengo, si ya huyu wa ndani. Kwenye vitabu ni kweli. Lakini nyumba nyingi za vijijini mwetu hazijawahi kuonwa na msanifu majengo tangu msingi hadi paa, na tayari zimesimama. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, na watu hawa hawatabomoa nyumba zao waanze upya. Wanachoweza kubadilisha ni kilicho ndani: dari, rangi, kivuli cha dirisha, mahali pa kitanda, mahali pa jiko ili moshi utoke badala ya kukaa kwenye mapafu ya watoto. Hiyo ndiyo fani tunayoizungumzia.

Vifaa navyo viko mlangoni. Kuna mti wa nchi kavu uitwao mukau, ambao wanasayansi huuita Melia volkensii. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, yenye kituo Kitui, imetumia miaka mingi pamoja na shirika la Kijapani la JICA kuchagua mbegu zake bora, na mashamba ya mbegu hizo yakapandwa Tiva na Kibwezi. Mbao zake ni imara na mchwa haziwezi, na katika nchi ya mchwa kama yetu hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo, kijana anayefunzwa kwa picha za majarida ataagiza mbao za kugandishwa za kiwandani, zile zinazofura kama mandazi zikipata maji, kwa sababu ndizo alizoziona kwenye picha. Wachongaji wametangulia kuipata akili ya kutumia mti ulio karibu. Mutisya Munge wa Wamunyu, upande wa pili wa mpaka kule Machakos, ndiye anayetajwa kuwa alianzisha uchongaji wa biashara miongoni mwa Wakamba baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mpingo na muhugu zilipopungua kwa kukatwa kupita kiasi, wachongaji wengi waligeukia mwarobaini, jakaranda na mwembe. Makueni ni kaunti ya maembe. Mwembe uliochoka kuzaa si lazima uishie tanurini.

Hapa lazima nitahadharishe. Kutundika kiondo kwenye ukuta wa hoteli si usanifu wa Ukambani. Ni pambo, na ni aina ile ile ya uvivu ninayoilaumu. Kitazame kigoda cha mzee wa Kikamba. Kimechongwa kwa gogo moja, miguu ni mitatu, na kiti chake kimenakshiwa kwa nyaya nyembamba za shaba zilizogongewa ndani ya mbao. Nakshi ndiyo inayovutia wanunuzi, lakini akili iko miguuni: kitu cha miguu mitatu hakitikisiki hata sakafu iwe ya udongo yenye mabonde, wakati kiti cha miguu minne hudai sakafu iliyosawazishwa. Aliyekichonga alianza na sakafu. Kadhalika mkonge. Kibwezi ina mashamba makubwa ya mkonge, na wanawake wa kaunti zote mbili wanasokota nyuzi tangu utotoni. Mvua ya Novemba ikianza kupiga mabati ya darasa lisilo na dari, mwalimu hunyamaza, kwa kuwa hasikiki hata na walioketi dawati la mbele. Mkeka mzito wa mkonge uliofungwa chini ya paa hunywa sehemu ya kelele hizo na hukinga sehemu ya joto. Mkonge nao huwaka moto, kwa hiyo mwanafunzi sharti ajifunze kuutia dawa ya kuzuia moto na kuutenga na nyaya za umeme. Mafunzo ya kweli yana pande zote mbili namna hiyo.

Anayedhani haya ni ndoto amtazame Francis Kéré wa Burkina Faso. Alianza kama seremala, akaenda Ujerumani kwa ufadhili wa kujifunza useremala, kisha akasomea usanifu majengo. Shule ya msingi ya kijiji chake cha Gando, iliyokamilika 2001, ina paa la bati lililoinuliwa juu ya dari ya matofali, hewa moto ikatoka katikati na watoto wakakaa kwenye ubaridi bila umeme. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika usanifu majengo. Nchini Kenya ameacha kazi Turkana, chuo cha Startup Lions, chenye minara mirefu ya kuvutia hewa moto juu, iliyoiga vichuguu vya mchwa. Turkana ni kavu kuliko Kitui. Bati, tofali na mchwa Kitui pia vipo.

Pingamizi zito zaidi ni la soko: nani Mwingi au Wote atamlipa msanifu wa ndani? Ni hoja ya kweli, na mwenye kusema kila mwenye nyumba atamlipa anadanganya. Lakini tangu ugatuzi uanze 2013, mjenzi mkubwa katika kaunti hizi ni serikali ya kaunti yenyewe. Zahanati, vyumba vya chekechea, masoko, ofisi za wadi, karakana za vyuo: vyote vina ndani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano kuyarekebisha yafikike, muda uliokwisha zamani, na ngazi zisizo na njia ya kiti cha magurudumu bado ni jambo la kawaida. Na kwa sababu ya joto, darasa la Kyuso halipaswi kuwa nakala ya darasa la Limuru kwenye baridi. Kazi ipo na pesa za umma zinatumika; kinachokosekana ni mstari mmoja katika makadirio ya ujenzi unaomtaja mtu wa kuipima hali ya ndani kabla ya mkandarasi kulipwa.

Wengine husema fundi anatosha, na simu ina picha zote. Fundi namheshimu, na ninaamini yeye ndiye mwanafunzi bora wa kozi hii. Seremala aliyefanya kazi miaka kumi anajua mbao kuliko mhitimu yeyote. Alichonyimwa ni kuchora, kukadiria kwa maandishi na sababu za kisayansi za anachokijua kwa mkono. Picha ya simu humwonyesha chumba cha nchi yenye theluji, chenye dirisha la kioo kutoka sakafu hadi dari, lililokusudiwa kuingiza jua. Akikinakili Ikutha atakuwa amejenga jiko. Kuhusu umaskini, kwamba watu wanataka maji kwanza, nakubali maji ni kwanza. Ila kusogeza kitanda ni bure, kupaka chokaa nyeupe ni bei nafuu, na makosa ya ndani ya nyumba humwumiza zaidi asiyeweza kuyalipia mara mbili.

Kwa hiyo sisemi tuhamishe kozi ya Nairobi kama ilivyo. Taasisi kama Buruburu Institute of Fine Arts zimelea fani hii na sioni haja ya kuzilaumu. Zinamfundisha mwanafunzi soko lililo karibu nazo. Nasema vyuo vya ufundi vya Kitui na Makueni tayari vina useremala, ujenzi, ushonaji na umeme, na wanafunzi wa fani hizo wanasoma kuta kwa kuta bila kukutana. Usanifu wa ndani ungewakutanisha kwenye chumba kimoja. Mwaka 2020, wakati wa korona, kiwanda cha kaunti ya Kitui cha KICOTEC kilishona barakoa. Mikono inayoweza kazi hiyo inaweza pia kushona kivuli cha dirisha la wodi. Mtaala unaozingatia umilisi, ambao ndio unaotumika sasa vyuoni, unamtaka mwanafunzi aonyeshe anachoweza kufanya badala ya kukariri. Basi mtihani wa mwisho uwe chumba kimoja cha kusubiria wagonjwa katika zahanati iliyo karibu na chuo. Wanafunzi wakipime, wakichore, wakipigie hesabu, watie dari, wasogeze mabenchi, wapanue mlango, kwa mbao na nyuzi za hapo hapo. Kipimajoto kitundikwe ukutani wiki mbili kabla na wiki mbili baada, kisomwe kila siku saa nane mchana, na namba hizo ndizo mtahini asahihishe.