Saratani ya mrija wa nyongo: kwa mtu wa Lupingu, gharama si stenti peke yake

Msikilizaji wetu wa Lupingu anaijua safari ya hospitali. Unapanda milima kutoka ziwani hadi Ludewa mjini, unakwenda Njombe, kisha Makambako. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam bado ni zaidi ya kilomita 600. Leo tunaitazama safari hiyo kwa sababu inagusa tiba ya saratani ya mrija wa nyongo.

Nyongo hutengenezwa kwenye ini na kushuka hadi utumbo mdogo kupitia mrija mwembamba. Uvimbe ukiziba mrija huo, macho huwa ya manjano, mkojo hufanana na chai ya rangi, choo hupauka, na mwili huwasha hadi usingizi hauji. Dalili hizi si lazima ziwe za saratani. Homa ya ini na mawe ya nyongo huzileta pia, na mawe huweza kuondolewa. Kwa hiyo usikae nyumbani na manjano ukijaribu dawa hii na ile. Nenda ukapimwe.

Wagonjwa wengi hugundulika wakati saratani haiwezi tena kuondolewa kwa upasuaji. Hata hivyo, lipo la kufanya. Daktari hupitisha mpira mrefu wenye kamera mdomoni hadi utumbo mdogo, kisha huweka kijibomba kiitwacho stenti ndani ya mrija ulioziba. Nyongo ikipita, manjano na kuwashwa hupungua. Saratani inabaki, lakini mgonjwa anapata nafuu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ni miongoni mwa zinazotoa huduma hii.

Stenti ya plastiki ni ya bei nafuu, ila mara nyingi huziba baada ya miezi mitatu hivi. Ya chuma ni ghali, lakini hudumu zaidi. Kwa mkazi wa Dar, kubadilisha stenti ni safari ya daladala. Kwa mtu wa Lupingu ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, malazi, na siku za shamba au uvuvi zilizopotea. Ya bei nafuu inaweza kuishia kuwa ghali zaidi.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kwa maoni yetu, bima itamfaa mtu wa mwambao wa Nyasa ikiwa uchaguzi wa stenti utazingatia pia umbali anaotoka.

Familia, kabla ya kusafiri mwulizeni daktari: Ni stenti ya aina gani? Itadumu muda gani? Mgonjwa anaimudu safari? Aliyedhoofika sana huenda akafaidika zaidi na dawa za maumivu na za kuwashwa karibu na nyumbani. Hiyo nayo ni tiba, inaitwa tiba shufaa.

Na mwenye stenti akipata homa na kutetemeka, au manjano yakirudi, msisubiri kesho. Mwahisheni hospitali.