Nimefika Kamukuywa, Nishukishe

Ukitoka Kitale na matatu ya Bungoma na shughuli yako iko Kamukuywa, ukifika unamwambia makanga, "Shukisha," unashuka. Sasa fikiria gari yenye sheria hii: ukifika, inua kitambaa, kaa kimya, subiri tufike Misikhu, hapo makanga aangalie kama kuna kitambaa hewani, ndipo ushuke. Si mngezua! Lakini hivyo ndivyo mwalimu wangu wa C, kule Bungoma, alivyotaka tuandike lupu.

Swali la mtihani lilikuwa rahisi. Una orodha ya vipimo vya unyevu wa mahindi. Tafuta gunia la kwanza lililozidi asilimia 13.5. Nikazunguka na for, nikalipata, nikaweka break. Maksi nne zikaenda. Kando, kwa wino mwekundu: mlango mmoja wa kuingia, mmoja wa kutoka. Alitaka bendera: namba inayoanza 0, igeuzwe 1 gunia likipatikana, ichunguzwe kila mzunguko, na kazi iliyobaki ndani ya lupu ifungiwe kwenye if isije ikafanyika kimakosa. Kuzunguka mbuyu tu, bana.

Naijua hoja yao. Mwaka 1968 Edsger Dijkstra aliandika barua maarufu dhidi ya goto, na alikuwa na sababu: goto zikizagaa, zinaruka huku na huku, msomaji anapotea. Lakini break hairuki ovyo. Inatoka kwenye lupu iliyo karibu nayo, inatua mara tu baada yake. Kuiadhibu kwa makosa ya goto ni kumshika jirani kwa sababu mwizi ametoroka. Lupu zikiwa mbili, moja ndani ya nyingine, break moja haitoshi. Basi ziweke kwenye fankisheni yake, utoke kwa return. Na hiyo goto yenyewe, wanaoandika kiini cha Linux wanaitumia hadi leo kutoka mapema na kufunga walichofungua.

Hapo kwenye kufunga ndipo ningemsikiliza mwalimu. Ukifungua faili kwa fopen, au ukachukua kumbukumbu kwa malloc, halafu return ikutoe katikati, umeacha jiko likiwaka. Na break iliyo ndani ya switch hutoka kwenye switch, si kwenye lupu inayoizunguka. Januari 15, 1990, mtandao wa simu za mbali wa AT&T, Marekani, ulizorota kwa takriban saa tisa; kosa lilifuatiliwa hadi kwenye break moja ya C iliyokaa mahali pabaya ndani ya switch. Hayo ndiyo tungefundishwa: break inakutoa wapi, unaacha nini nyuma. Hatukuambiwa hata moja. Tulikatwa maksi tu.

Juzi binamu yangu, aliye darasa hilohilo sasa, amenitumia picha ya zoezi lake. Break safi kabisa, anauliza kama iko sawa. Nikamjibu kutoka hapa Kitale: iko sawa, lakini ifute, weka bendera. Karo imelipwa kwa shida, na maksi nne ni nyingi.