Chama cha walimu wa Kenya na akiba za familia za Tarime

Atokaye Nyamisangura mjini Tarime akashika njia ya Sirari hachelewi kufika Isebania, nchini Kenya. Wakurya wako pande zote mbili za mpaka, na mwenye jamaa walimu upande wa pili huenda amesikia habari za Mwalimu National, chama cha akiba na mikopo kilichoandikishwa mwaka 1974. Maadamu vyama kama hicho, yaani SACCOS, vipo na huku kwetu, yafaa tutazame kilivyokua na kilipojikwaa.

Mwalimu wa sekondari asiye na nyumba wala shamba la kuweka rehani hakuwa na cha kupeleka benki. Chamani alitakiwa awe na akiba yake na wenzake wa kumdhamini. Akiba ilikatwa katika mshahara kabla haujamfikia mkononi, na marejesho ya mkopo vivyo hivyo. Humo ndimo ilimo siri ya kukua kwake. Makato ya mshahara hayasahau, na mdhamini anayefundisha shule moja na mkopaji hana haja ya kuulizia habari zake. Chama kikawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya aina yake Afrika Mashariki.

Kisha kikatamani benki. Katikati ya muongo wa 2010 kilinunua hisa nyingi za Equatorial Commercial Bank, iliyokuja kuitwa Spire. Hasara ikafuatana mwaka hadi mwaka, na Januari 2023 amana na wateja wake wakachukuliwa na Benki ya Equity. Kwa maoni yangu, kosa halikuwa bahati mbaya: zile nguvu mbili, makato na kujuana, hazikuhamia benki pamoja na fedha. Mapema mwaka 2025 ikatangazwa pia kwamba KUSCCO, muungano wa vyama vya Kenya ulioanzishwa 1973, umepoteza zaidi ya shilingi bilioni 13 za Kenya. Humo vyama vilikuwa vimeweka fedha za wanachama wao.

Ama Tarime, wengi wetu ni wakulima na wafanyabiashara, hatuna mshahara wa kukatwa. Dhamana yote humwangukia jirani. Mkopaji akishindwa, akiba ya mdhamini ndiyo inayoliwa, na mara nyingi mke hupata habari siku ada ya mtoto inapokosekana.

Lipo na suala la riba. Baadhi hudai kwamba wanachama hukopeshana wenyewe, hivyo nyongeza huwarudia. Wanazuoni wengi hawaikubali hoja hiyo, kwani nyongeza imeshurutishwa katika mkataba wa mkopo, na gawio la mwisho wa mwaka hutokana nayo. Njia nyingine ipo: chama kununua bidhaa na kumuuzia mwanachama kwa bei iliyokubaliwa, kwa malipo ya polepole. Amana Bank, iliyoanza kazi nchini mwaka 2011, huendesha shughuli zake bila riba.

Kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, SACCOS hutakiwa kuwa na leseni. Basi kabla ya kutia saini udhamini, omba kuiona leseni hiyo na hesabu zilizokaguliwa, uulize fedha za chama zimewekwa wapi, na urudi nyumbani kwanza ukashauriane na mkeo. Suratul Baqarah, aya ya 282, imetuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi.